Squint, wall-eyed, lazy eye: Kiingereza kimeyaitaje makengeza, na wewe yakuhusu nini?

Chukua neno moja dogo la Kiingereza: "squint". Mwulize daktari wa macho wa London, atakuambia ni makengeza, yaani jicho moja linatazama mbele na jingine limekwenda upande. Mwulize mwalimu wa Chicago neno hilohilo, na mara nyingi atakuambia ni kufinya macho, vile unavyofanya ukitoka ndani ghafla ukakutana na jua la saa saba mchana.

Sasa mweke hapo katikati mzazi wa Morogoro au Eldoret, simu mkononi, anatafuta habari za jicho la mwanawe. Kliniki zetu zimerithi Kiingereza cha Waingereza, kwa hiyo kwenye kadi ya mtoto kumeandikwa "squint". Intaneti nayo imejaa Kiingereza cha Marekani. Anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma kwamba mtoto mwenye "squint" huenda anahitaji miwani tu, au mwanga wa darasani ni mkali. Anapumua, anafunga simu. Kumbe alichokuwa nacho mwanawe ni kitu kingine, na kitu hicho kina saa inayokimbia.

Ndiyo maana leo nakuomba tuyafuatilie maneno haya hadi yalikozaliwa. Kiingereza kina lundo lake: squint, asquint, cross-eyed, wall-eyed, cock-eyed, boss-eyed, goggle-eyed, a cast in the eye, strabismus, lazy eye. Kila moja lina historia, na ukiyapanga kwa umri unaona jinsi watu walivyokuwa wakilifikiria jicho la mwenzao: mara ugonjwa, mara tabia mbaya, mara kichekesho.

Kwanza tuelewane: makengeza ni nini?

Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha, na misuli hiyo inapokea amri kupitia neva 3 zinazotoka kwenye ubongo. Macho mawili, misuli 12, na yote inatakiwa kwenda pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja: akigeuka huyu, na yule ageuke. Nira ikilegea, jicho moja linaweza kwenda ndani kuelekea pua, nje kuelekea sikio, juu au chini.

Hapo ubongo unapokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima aliyepatwa na tatizo hilo ghafla ataona vitu viwiliviwili na atakimbilia hospitali mwenyewe. Mtoto mdogo halalamiki. Ubongo wake bado unajipanga, kwa hiyo unachagua picha ya jicho moja na kuipuuza ya jicho la pili. Lishike hilo neno "kupuuza", tutalihitaji mbele.

Maneno ya kale, na jinsi yanavyohama

Waingereza wa kale kabisa walikuwa na neno "sceolh" kwa jicho lililopinda. Ndugu yake yuko hai mpaka leo kwenye Kijerumani, "schielen", lakini kwenye Kiingereza limekufa. Nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na "asquint", ambalo tunalikuta kwenye maandishi ya karne ya 13. Lilikuwa na maana ya kutazama kwa upande, kwa pembe ya jicho. "Squint" tunalolijua ni hilohilo lililokatwa kichwa, na likaanza kutumika peke yake karne ya 16.

Angalia maana ya mwanzo: kutazama kwa upande. Hilo ni tendo, kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya akitaka. Kutoka hapo neno likagawanyika njia mbili. Njia moja ikaenda kwa mtu ambaye jicho lake linakaa upande bila yeye kutaka. Hiyo ndiyo maana ya kitabibu iliyobaki Uingereza. Njia ya pili ikaenda kwenye kutazama kwa kufinya kope, na ndiyo iliyotawala Marekani. Kwa hiyo ule mkanganyiko wa mzazi wetu una mizizi ya miaka mia kadhaa.

"Goggle" lina safari ya ajabu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 14, watafsiri wa Biblia wa kundi la John Wycliffe walifika kwenye Marko sura ya 9, pale panaposemwa ni heri kuingia katika ufalme wa Mungu ukiwa na jicho moja. Sisi tungesema chongo. Wao walitumia neno lililo babu wa "goggle-eyed". Lakini nyakati hizohizo "goggle" lilitumika pia kwa kugeuza macho upande, yaani kengeza. Baadaye likahamia kwenye macho yaliyotokeza kama ya chura. Chongo, kengeza, macho ya kutokeza: neno moja limezipitia nyumba zote tatu.

Na zile miwani za kuogelea, au za fundi wa kuchomelea, zinazoitwa "goggles"? Fungua kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828. Maana ya kwanza anayoitoa ni kifaa cha tiba, cha kunyoosha macho yenye makengeza. Tutakiona kifaa hicho muda si mrefu.

Kuhusu "wall-eyed", usihangaike kutafuta ukuta. Hakuna ukuta hapo. Neno lilitoka kwa watu wa kaskazini, Wanorsi, waliosema "vagl-eygr", na sehemu ile ya kwanza inadhaniwa kuhusu kitu kama utando juu ya jicho. Waingereza wakalisikia wakaligeuza kwa jinsi masikio yao yalivyozoea, kama vile sisi tulivyofanya na maneno kibao ya wageni. Mwanzoni lilikuwa neno la jicho lililopauka, hasa la farasi mwenye jicho jeupe au la bluu hafifu. Kutoka weupe wa jicho likaja kuwa neno la jicho lililokwenda nje, maana jicho likienda nje, weupe wake unaonekana mwingi upande wa pua. Kule Amerika ya Kaskazini kuna hata samaki anayeitwa "walleye". Yeye hana makengeza yoyote. Nyuma ya retina yake kuna tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, kama la paka ukimmulika usiku, basi macho yake yanaonekana meupe.

"Cross-eyed" na "cock-eyed" ni vijana kidogo, wa karne ya 18 na ya 19. La kwanza ni la macho yanayopishana njia, na kwa kawaida linatumika jicho linapokwenda ndani. La pili limeshahama kabisa mtaani: mpango wa hovyo ni "cock-eyed", picha iliyoning'inia vibaya ukutani nayo ni "cock-eyed".

Jicho likageuzwa tabia

Sasa tufike penye uchungu. Kama neno lako la makengeza linatokana na "kutazama kwa upande", ni rahisi sana kusema kwamba mtu huyo hatazami watu usoni, na asiyetazama watu usoni ana jambo analoficha. Mawazo hayo ni ya zamani kuliko Kiingereza chenyewe. Mshairi wa Kirumi Ovid alipomchora Wivu kama mwanamke, alimpa macho yasiyotazama mahali popote kwa unyoofu. Sisi wenyewe husuda tunaiita kijicho, kwa hiyo tusijifanye wageni hapa.

Shakespeare naye alikuwamo. Katika tamthilia ya King Lear, Edgar anayejifanya kichaa anasema ni pepo mchafu anayepinda macho ya watu na kuwapa mdomo wa sungura. Huyo ni mhusika anayeigiza wazimu, lakini aliyokuwa akiyatamka ni mambo ambayo watazamaji wake walikuwa wameyasikia nyumbani.

Karne ya 18 jambo hili likaingia kwenye siasa na dini. George Whitefield alikuwa mhubiri aliyekusanya umati wa watu Uingereza na makoloni ya Amerika. Alikuwa na makengeza tangu utotoni, baada ya kuugua surua. Mwaka 1760 Samuel Foote aliandika mchezo wa kuigiza ulioitwa The Minor, na ndani yake akamtungia Whitefield jina: Dr. Squintum. Jina likashika. Michoro ya kumdhihaki ikauzwa kwa jina hilo. Unaona kazi ya neno hapo? Hoja za mhubiri hazikujibiwa, jicho lake ndilo lililojibiwa.

Miaka mitatu baadaye, 1763, ikawa zamu ya John Wilkes, mbunge aliyeisumbua serikali ya mfalme. Mchoraji William Hogarth akatoa picha yake akiwa amekaa, tabasamu la kishetani, macho yamepindishwa kuliko kawaida. Wilkes alikuwa mtu wa maneno, na inasimuliwa alijigamba kwamba akipewa nusu saa ya kuzungumza, mtu atausahau uso wake. Lakini si kila mwenye makengeza ni mbunge mwenye ulimi wa Wilkes. Mtoto wa darasa la pili hana nusu saa hiyo.

Walioyaita kwa upole

Haki ni kusema pia kwamba upande wa pili ulikuwepo. Warumi walikuwa na maneno mawili. "Strabo" lilikuwa la makengeza yaliyo wazi. Likawa hata jina la ukoo. Baba wa Pompey yule jemadari aliitwa Pompeius Strabo, na yule mwanajiografia maarufu wa Kigiriki tunamjua kwa jina la Strabo tu. Neno la pili, "paetus", lilikuwa la jicho lililopinda kidogo, kwa namna ambayo wengine waliiona hata inapendeza. Mungu mke wa mapenzi, Venus, alisemwa kuwa na jicho la namna hiyo.

Mshairi Horace, miaka ya 30 kabla ya Kristo, alitumia maneno hayo mawili kufundisha jambo. Baba, anasema, akiwa na mtoto strabo humwita paetus. Basi na sisi tuwatazame rafiki zetu na kasoro zao vivyo hivyo.

Umeshaisikia mahali fulani, si ndiyo? "Akipenda, chongo huita kengeza." Mwambao wa Afrika Mashariki na Roma ya kale, kila mmoja kwa njia yake, wamefika kwenye uchunguzi mmoja: mapenzi hushusha ukali wa neno hatua moja. Mrumi anaanzia kengeza, Mswahili anaanzia chongo, lakini ngazi ni ileile.

Kiingereza nacho kina ngazi hiyo. Anayetaka kuwa mpole husema mtu ana "a cast in the eye", yaani jicho limetupwa kidogo tu pembeni. Ni usemi mzuri. Tatizo la maneno mazuri ni kwamba yanatuliza, na kuna wakati hatutakiwi kutulia.

Madaktari wanaingia na Kigiriki chao

Karne ya 17 wasomi wa tiba walianza kutumia kwa Kiingereza neno "strabismus", kutoka Kigiriki cha "kupinda". Faida yake ilikuwa kwamba halikuwa tusi la mtaani. Lakini usidhani neno la kisomi lilikuja na dawa.

Tangu karne ya 7, tabibu Paulo wa Aegina alikuwa amependekeza mtoto avalishwe kinyago chenye matundu ili alazimike kutazama mbele. Mwaka 1583 Georg Bartisch alichapisha kule Dresden kitabu kikubwa cha magonjwa ya macho chenye picha za vinyago hivyo. Hapo ndipo zinapokaa zile "goggles" za Webster. Wazo lilikuwa rahisi: ziba pembeni, jicho litajinyoosha. Kosa lake ni kwamba liliona tabia mahali palipokuwa na tatizo la misuli, neva na ubongo. Mtoto hakuwa amezoea kutazama vibaya. Macho yake mawili yalikuwa hayakubaliani.

Halafu wakaja matapeli. John Taylor, aliyejiita Chevalier, alizunguka Ulaya na gari la farasi akitibu macho. Ndiye aliyempasua macho Johann Sebastian Bach mwaka 1750, na Bach hakupona. Kwa makengeza, inaelezwa kwamba Taylor alikata kidogo ngozi laini ya jicho lililopinda, kisha akaliziba lile zima. Lile lililopinda likibaki peke yake linanyooka ili lione. Watu wakapiga makofi. Kufunguliwa bandeji, jicho linarudi palepale, na Taylor yuko mji mwingine.

Cha kushangaza, ndani ya utapeli huo kulikuwa na ukweli mmoja. Mwaka 1743 Mfaransa Buffon alieleza kwamba wengi wenye makengeza wana jicho moja lenye nguvu kuliko jingine, na akashauri lile lenye nguvu lizibwe kwa muda ili la pili lifanye kazi. Ushauri huo tunautumia mpaka leo.

Upasuaji wa kweli ulikuja tarehe 26 Oktoba 1839, Berlin. Johann Friedrich Dieffenbach alikata msuli wa upande wa ndani wa jicho la mtoto wa kiume wa miaka 7, na jicho likanyooka. Upasuaji ukasambaa haraka, na matatizo yakasambaa nao: msuli ukiachiwa bila mpango, jicho lililokuwa limekwenda puani laweza kuishia limekwenda sikioni.

Mwaka 1864 Mholanzi Franciscus Donders akaonyesha kwamba watoto wengi ambao macho yao huenda ndani wana tatizo la kuona karibu. Wakijikaza ili waone vizuri, macho yanavutwa puani. Wape miwani sahihi, na baadhi yao macho hunyooka bila kisu. Ilipofika 1886, George Stevens wa New York akaanza kuyapanga maneno upya kwa Kigiriki, na kwa njia hiyo leo tuna esotropia kwa jicho la kwenda ndani na eksotropia kwa la kwenda nje. Maneno makavu, ni kweli. Lakini kwa mara ya kwanza neno lilikuambia jicho limeelekea wapi bila kukuambia mtu ni wa namna gani.

Na hii nakupa ya kijiweni: Botox, hiyo ya kuondoa mikunjo usoni, iliidhinishwa kwanza Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Daktari Alan Scott wa San Francisco alikuwa akitafuta njia ya kulegeza msuli wa jicho bila kuukata.

Neno lililobaki kutudanganya

"Lazy eye", jicho vivu. Kati ya maneno yote ya leo, hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana linavaa sura ya upole huku likiharibu mambo.

Kwanza, watu wanalitumia kwa vitu viwili. Wengine wanamaanisha makengeza. Madaktari wanamaanisha ambliopia, yaani jicho ambalo haliwezi kuona vizuri hata kwa miwani kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. Makengeza ni chanzo kimoja cha ambliopia. Chanzo kingine ni jicho moja kuhitaji miwani kali kuliko la pili, na mtoto huyo macho yake yanaweza kuwa yamenyooka kabisa. Ukimwangalia usoni hutajua chochote.

Pili, jicho lenyewe si vivu. David Hubel na Torsten Wiesel, katika kazi waliyoanza kuichapisha mwaka 1963, walifunga jicho moja la paka wachanga kwa miezi ya mwanzo ya maisha. Walipolifungua, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona ilikuwa imelitupa jicho hilo. Karibu seli zote zilikuwa zinaitikia jicho la pili. Paka mkubwa akifungwa jicho kwa muda kama huo, hapati madhara hayo. Kuna dirisha la utotoni, na dirisha hilo linafunga. Kazi yao iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Sasa lirudie lile neno nililokuomba ulishike: kupuuza. Jicho linatuma habari, ubongo unazipuuza. Ukiliita jicho hilo vivu, mzazi anafikiria uvivu, na uvivu mtoto huuacha akikua. Anasubiri. Ndugu na majirani nao wanasema "yatanyooka tu". Miaka inapita, na tiba ya kuziba jicho zima, ambayo inafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi, inazidi kupoteza nguvu. Wakubwa kidogo nao hunufaika, ila kwa jasho zaidi.

Basi tuyaiteje?

Kiswahili kina bahati. Neno "makengeza" ni moja, linaeleweka, na halichanganyi jicho lililopinda na jicho lililofinywa. Tulitumie. Kwa ambliopia, naomba tusitafsiri "lazy eye" neno kwa neno na kuanza kueneza "jicho vivu" mashuleni. Ni bora kusema jicho lililopuuzwa. Mtoto akiambiwa jicho lake limepuuzwa, anajua kuna kazi ya kufanya. Akiambiwa ni vivu, anajua amekosea.

Na kwa kuwa wewe msomaji huenda una mtoto, mdogo wako au mwanafunzi, ondoka na haya matatu. Macho ya mtoto mchanga yanaweza kutangatanga wiki za mwanzo, lakini yakiendelea kupishana baada ya miezi 4, apelekwe akapimwe. Ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kwenye picha au kwenye mwanga, hasa ikiwa na makengeza, usisubiri hata wiki: yaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto, na makengeza ni moja ya dalili zake za mwanzo. Na mtu mzima ambaye jicho limepinda ghafla au anaona viwiliviwili, huyo ni wa hospitali leo.

Ukimpenda mtoto, muite kwa jina lolote la upole unalotaka, hata paetus. Ila kliniki mpeleke.